Tuache kusema "weka VPN tu"

Nimeulizwa tena wiki hii: "Udhibiti wa intaneti una madhara gani siku hizi, si mtu anaweka VPN tu?" (VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia iliyosimbwa hadi seva ya mbali.) Nimeshachoka kulijibu swali hilo kwa mdomo, naliandika.

Ya kiufundi nayapitia haraka. Majibu ya uongo ya DNS, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, ni mtego wa kizamani. Badilisha seva ya DNS, mara nyingi umeuruka. Kuzuia kwa SNI, yaani jina la tovuti ambalo simu yako hulituma mwanzoni mwa muunganisho, ni kugumu zaidi: jina hilo hupita waziwazi kabla ya usimbaji kuanza, mtambo wa udhibiti ukalisoma na kukata muunganisho. Na intaneti ikizimwa yote, kama Misri ilivyofanya Januari 2011, hiyo VPN itapita wapi?

Kinachoniudhi ni watu kusahau kubana kasi, yaani kuipunguza kasi ya intaneti makusudi. Hapo hakuna ukurasa unaokwambia umezuiwa. Video inazunguka, picha inafika nusu, ujumbe hauondoki. Mtu anazima simu, anaiwasha, anabadilisha laini, anamlaani mtoa huduma, analala. Kama hajui amezuiwa, VPN ataitafutia nini? Urusi ilipoibana Twitter Machi 2021, kichujio kilitafuta herufi "t.co", anwani ya viungo vifupi vya Twitter, popote zilipo ndani ya jina la tovuti. Zimo kwenye microsoft.com na reddit.com, nazo zikabanwa. Kosa hilo lilionyesha jinsi mtambo wenyewe ulivyofanya kazi. Ukibanwa kwa ustadi, hata mimi mwenye vipimo mkononi kuna siku nashindwa kutofautisha amri ya serikali na mnara uliozidiwa.

Halafu kuna jambo ambalo vipimo havilioni kabisa. Wachumi Yuyu Chen na David Yang waliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Beijing njia ya bure ya kuvuka udhibiti. Matokeo yalichapishwa 2019. Karibu nusu hawakuiwasha, na kati ya walioiwasha, karibu hakuna aliyekwenda kusoma habari zilizozuiwa. Ukuta ukikaa muda mrefu, watu huacha hata kujiuliza upande wa pili kuna nini.

Na hofu je? Nilimwekea jamaa yangu VPN, ikafanya kazi vizuri. Akaniuliza kama kuna atakayemwona. Sikutaka kumdanganya: mtoa huduma haoni anachosoma, lakini anaweza kutambua kwamba anatumia VPN. Akaifuta palepale, kisha akaniomba nihakikishe imefutika kweli.