Waipu: Waskoti Waliotokea Kanada

Katika kazi yangu ya kufuatilia nasaba, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuhusu Waipu, kijiji kidogo cha pwani ya kaskazini mwa Nyuzilandi, kama ile kwamba waanzilishi wake walipanda meli Uskoti na kushukia hapo. Si kweli, na kosa hili huwapotezea watu fedha na miaka ya utafutaji.

Kiongozi wao, Kasisi Norman McLeod, mzaliwa wa Assynt, aliondoka Uskoti mwaka 1817, akafikia Pictou katika Nova Scotia, jimbo la Kanada ya leo, na mwaka 1820 akahamia na wafuasi wake St Ann's, kwenye kisiwa cha Cape Breton. Jamii hiyo ilikaa huko zaidi ya miaka 30, ikafyeka misitu, ikalima, ikavua, ikaunda meli, ikaoana na kuzaana. Meli ya kwanza, Margaret, ilipong'oa nanga mwaka 1851 kuelekea Australia, vijana wengi waliokuwamo walikuwa wamezaliwa Kanada, na Uskoti waliijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Walizungumza Kigaeli, lugha ya asili ya Waskoti, na kujiita Waskoti, nao wajukuu wanachukulia kwamba walizaliwa Uskoti. Usajili wa vizazi wa serikali ya Uskoti ulianza mwaka 1855, kwa hiyo anayelipia upekuzi wa daftari hizo ili kumpata babu aliyeondoka Cape Breton mwaka 1851 anatafuta jina ambalo haliwezi kuwamo. Ninamsisitizia kila mteja: anza na kaburi la Waipu, itambue meli, kisha uende Nova Scotia, daftari za parokia za Uskoti ziwe za mwisho. Tena uliza lakabu ya familia, kwa maana akina McLeod, McKenzie na McLean walikuwa wengi mno kutofautishwa kwa jina la ukoo peke yake.

Wengine hudai kwamba wote walisafiri pamoja na McLeod. Meli zilikuwa sita, zikabeba watu zaidi ya 800, na ya mwisho, Ellen Lewis, ilifika mwaka 1860.

Hata sababu ya kuhama Cape Breton huchanganywa na kufukuzwa kwa wakulima huko Uskoti. Waliowatimua wakulima mashambani walikuwa mabwana wa ardhi wa Uskoti; kilichowaondoa watu Cape Breton ni ugonjwa wa viazi ulioleta njaa kuelekea mwaka 1848, pamoja na barua ya Donald, mwana wa McLeod, iliyoisifu Australia. Huko Australia mambo yaliwawia magumu: McLeod aliwazika wanawe watatu Melbourne kabla ya kuvuka kwenda Nyuzilandi.

Ardhi ya Waipu haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na jina lenyewe ni lao. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoinunua kwao kabla ya walowezi kuipata.

Michezo ya Kiskoti inayofanyika kila Mwaka Mpya nayo haikuanzishwa na McLeod: alifariki mwaka 1866, na chama cha Caledonian, yaani cha utamaduni wa Kiskoti, kinachoiandaa kiliundwa mwaka 1871.