Kukaa ukimbizini miaka mingi hakufuti haki ya shamba
Kuna kauli inazunguka sana kwa Warundi waliokimbilia Tanzania kuepuka mauaji ya 1972, eti ukikaa nje miaka 30 basi shamba ni la aliyebaki. Siyo hivyo jamani. Hiyo miaka 30 imetoka kwenye sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986, mtu akikalia ardhi muda huo bila kupingwa anaweza kuidai, lakini mkimbizi angepinga vipi wakati kurudi tu ni kuhatarisha maisha? Ndo maana Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, ukasema wazi wakimbizi warudishiwe mali zao hasa ardhi, na ikishindikana walipwe fidia ya haki.

Na kukosa hati kusikuvunje moyo, vijijini mashamba mengi hayakuwahi kuandikishwa, kwa hiyo wazee wa usuluhishi, wanaoitwa bashingantahe, wanatembea mpakani na majirani, huyu anaonyesha mti uliopandwa kama alama, yule anataja nani alikuwa analima upande upi.

Ngumu kweli ni kule kama Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako serikali yenyewe iligawa mashamba ya wakimbizi, na aliyepewa naye ana watoto wa kulisha. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoanza 2006, miaka ya mwanzo ilipendelea pande mbili zigawane.