Viza haijaisha lakini stetasi imekufa, inakuwaje?

Mimi ni mshauri wa wanafunzi wa kigeni kwenye chuo kimoja huku Marekani na hili swali halikosi kila muhula: viza yangu bado haijaisha, sasa mbona naambiwa niko nje ya stetasi (hali yangu ya kukaa nchini kihalali)? Ile stika kwenye paspoti ni ya kukufikisha mlangoni tu, ukishaingia kinachohesabika ni I-94 yako (rekodi ya kuingia kwako na unaruhusiwa kukaa mpaka lini) na unachofanya kila siku, kwahiyo viza inaweza kuwa hai kabisa na we ushapoteza stetasi, na mwingine viza yake ilikufa zamani ila yuko salama anasoma zake.

Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, masharti yake wala sio mengi. Usome full time (digrii ya kwanza ni kredit 12 kwa muhula, na hapo somo la online linalohesabika ni moja tu), ukihama nyumba utoe taarifa ndani ya siku 10, na kazi bila kibali maalum ni hapohapo kampasi, masaa yasizidi 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Kwenye kazi ndo wengi wanapoangukia. Ada imekwama, mjomba aliyeahidi kulipa hapokei simu, unakuta kijana anaenda kubeba maboksi usiku au anatumia akaunti ya mtu kupeleka misosi, anajiambia hii keshi nani ataiona. Siku ukijaza fomu ya green card (ukaazi wa kudumu) utaulizwa umefanya kazi wapi na lini, tena unasaini chini ya kiapo.

Alafu kuna kosa baya kuliko hilo. Mwajiri anakupa fomu I-9, ya kuthibitisha una haki ya kufanya kazi, kuna kiboksi cha raia wa Marekani, we unatiki ili upate shifti. Jamani! Aliyeingia kihalali akapitisha muda, hata akafanya kazi bila kibali, akiwa na ndoa ya kweli na raia sheria kwa kawaida inampa njia ya kupata green card. Ila kudai uraia ambao huna, tangu sheria ya 1996, ni kufungiwa milango ya Marekani maisha, na huyo mwenza wako raia hana msamaha wa kukuombea.

Aliyekuja kutembea yeye I-94 yake ina tarehe. Ikipita bila kuomba kuongezewa, viza inajifuta yenyewe. Ukipitiliza zaidi ya siku 180 ndo ukaondoka unafungiwa kurudi Marekani miaka 3, ukifikisha mwaka ni 10, na wengi hawajui kwamba marufuku hiyo inaanza pale unapotoka, mtu anapigiwa simu ya msiba Dar anapanda ndege bila kuuliza mtu, anazika, kurudi hawezi.

Sasa ufanyeje. Ukiumwa au masomo yakikulemea njoo kabla hujadrop somo, maana ruhusa ya kupunguza mzigo inatolewa kabla, sio baada. Kama rekodi yako ya uanafunzi ishafungwa kuna kuomba kurudishiwa stetasi kwa fomu I-539, kawaida ndani ya miezi 5, na uonyeshe kilichotokea kilikuwa nje ya uwezo wako. Aliyefanya kazi bila kibali hiyo njia hana, anabaki na kutoka nchini na kujaribu kurudi na I-20 mpya (fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi), ambayo nayo ni bahati nasibu ubalozini. Ukipata barua ya kuitwa mahakama ya uhamiaji nenda, usipotokea jaji anaamuru uondolewe bila kukusikiliza. Na yule wa WhatsApp anayekwambia ujilipue, yaani uombe hifadhi ya ukimbizi, kwa stori ya kutunga, ukibainika hutapata tena faida yoyote ya uhamiaji.

Kingine, na bosi wangu asome tu: sisi wa ofisi za chuo tunawajibika kuripoti tukijua umevunja masharti. Kama ni ishu ya maboksi usianzie kwangu, anza na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, yeye siri yako inalindwa na sheria, kwangu mimi hailindwi.