b = a haijakopi kitu: tofauti ya jina na kitu kwenye Python

Kila nikikaa na vijana wanaojifunza Python, wale waliokwisha vuka lupu na fankisheni na sasa wanataka kuandika skripti za kazi kweli, kuna sentensi moja haikosi: "nimeikopi listi kwanza ndo nikaanza kuibadilisha." Ukiangalia kodi yenyewe unakuta mstari mmoja tu, `nakala = michango`. Jamani, hapo hakuna kilichokopiwa.

Maana ni fupi. Kwenye Python alama ya `=` inachukua jina lililoko kushoto inalifunga kwenye kitu kilichoko kulia, basi. Haitengenezi kitu kipya kwa ajili ya hilo jina, haihamishi data, hata hicho kitu haikigusi. Kukopi ni jambo jingine kabisa, ni kutengeneza kitu cha pili kwenye memori chenye yaliyomo sawasawa na cha kwanza. Mtaani wanamwita Mama Neema, shuleni anakofundisha wanamwita Madam Rehema, kwao wadogo zake wanamwita Da Rehe, na siku akisuka wote watatu wamesuka kwa sababu mtu ni yule yule mmoja. Majina ya Python yako hivyo.

Sasa tazama hii, ndio ile ile niliyoiona kwa kijana mmoja aliyekuwa anaandika skripti ya kikundi chao cha kuchangiana:

```
michango = [5000, 3000, 10000]
nakala = michango
michango.append(2000)
print(nakala)
```

Inatoka `[5000, 3000, 10000, 2000]`. Yeye alitaka abaki na hali ya asubuhi kwenye `nakala`, jioni alinganishe aone nani kalipa leo, na kila jioni skripti inamwambia hakuna mabadiliko, hakuna aliyelipa, wakati hela zimeingia. Na haitoi kosa lolote! Hakuna maandishi mekundu, programu inakimbia vizuri mpaka mwisho na jibu sio la kweli. Ndio maana hili nalichukulia kwa uzito kuliko mtu aliyesahau mabano, mabano Python yenyewe itakwambia.

Watu wanalipata wapi wazo la kwamba `=` inakopi? Kwanza wanalipata kwenye namba, na hapa ndipo pagumu kweli. Mwanafunzi anaandika `a = 5`, kisha `b = a`, kisha `a = a + 1`, anaprinti `b` anaona bado ni 5, anasema si unaona, ilikopiwa. Hapana. Pale mwanzo `a` na `b` yalikuwa majina mawili ya namba 5 ile ile, halafu `a + 1` ikatengeneza namba nyingine, 6, na jina `a` likahamia huko. Namba 5 haikubadilika na haiwezi kubadilika, namba na stringi kwenye Python ni vitu visivyobadilishika, kwa hiyo huwezi kuona tofauti ya kukopi na kutokukopi hata ufanyeje. Ukija kwenye listi na dikti, ambazo zinabadilishika ukiwa umezishika, ndio ukweli unatoka nje. Na hapo hapo kuna mtego wa pili: `a = a + [7]` inatengeneza listi mpya na kuhamisha jina, lakini `a += [7]` inaibadilisha listi ile ile ya zamani, kila jina lililoishika litaona hiyo 7. Kwa macho mistari miwili inafanana kabisa.

Pili wanalipata kwenye lugha walizotokea. Aliyeanza na C amefundishwa kwamba variabo ni nafasi kwenye memori, ukiandika `int b = a` thamani inakopiwa kweli kwenda kwenye nafasi ya `b`, na yuko sahihi, kwa C. Aliyeanza na PHP ndio ana kisingizio kizuri zaidi kwa sababu PHP ukiandika `$b = $a` na `$a` ni arei, unapata arei yako mwenyewe, ukibadilisha moja nyingine haiguswi. Mtu kaandika PHP miaka, anahamia Python, anabeba na mazoea yake. JavaScript kwa upande wake iko kama Python hapa, arei na objekti hazikopiwi kwa `=`, na hata `const` inazuia jina tu lisihamie kitu kingine, listi iliyomo ndani unaibadilisha utakavyo.

Na alama yenyewe haisaidii, lazima niseme. Robert Recorde wa Wales alipoichora mwaka 1557 alitaka mistari miwili iliyo sawa imaanishe pande mbili ni sawa, na hivyo ndivyo sote tulivyoisoma kwenye hesabu. FORTRAN ya IBM mwaka 1957 ikaichukua kwa kazi ya kuweka thamani, ALGOL na baadaye Pascal wakaona hapana, wakaandika `:=` ili mtu asichanganye. Python ikafuata njia ya C. Mimi naona wale wa ALGOL walikuwa na hoja, kwa sababu mwanafunzi akiona `b = a` anasoma "b ni sawa na a", na ukisikia "sawa na" akili inaleta vitu viwili vinavyofanana. Kumbe ni kimoja.

Kuna sababu ya Python kufanya hivi. Listi ya vitu milioni moja kwenye mashine ya biti 64 inabeba karibu megabaiti 8 za anwani tu, yaani za kuonyesha kila kitu kiko wapi kwenye memori, kabla hujahesabu vitu vyenyewe. Kama kila ukiipitisha kwenye fankisheni ingekopiwa yote, skripti ndogo tu ingekuwa inatambaa. Kwa hiyo fankisheni inapokea kitu chenyewe chini ya jina jipya. Yale mabishano ya "Python inapitisha kwa thamani au kwa rejeo", yaani fankisheni inapewa nakala au inapewa variabo yenyewe ya aliyeiita, yanachosha bure, Barbara Liskov na wenzake pale MIT walishayatolea jina miaka ya 1970 walipotengeneza lugha ya CLU, waliita kupitisha kwa kushirikiana, na hilo ndilo linalotokea Python. Ukibadilisha listi ndani ya fankisheni, aliyeiita fankisheni ataona. Ukilifunga jina upya ndani ya fankisheni, hatoona. Ukilielewa hilo hata ule mzimu wa `def ongeza(x, orodha=[])` unaacha kukutisha: ile listi tupu inatengenezwa mara moja tu, pale `def` inaposomwa, na kila mwito usioleta listi yake unaishika ile ile iliyokwisha jazwa na waliotangulia. Dawa ni kuweka `None` halafu uitengeneze ndani.

Kukopi kwenyewe kupo na ni rahisi, `michango.copy()` au `michango[:]` au `list(michango)`, chagua unayopenda, mimi napenda ya kwanza kwa sababu anayesoma kodi anaona neno. Ila hizo zote zinakopi ganda la nje tu. Ukiwa na `wanachama = [["Asha", 5000], ["Juma", 3000]]` ukaikopi hivyo, unapata listi mpya ya nje, ila vilisti vya ndani ni vile vile, ukiandika `wanachama[0][1] = 7000` nakala nayo inasoma 7000. Ukitaka mpaka ndani kabisa unaita `deepcopy` kutoka moduli ya `copy`. Na wanaoelekea kwenye data waangalie sana, kipande cha listi kama `x[2:5]` ni listi mpya, lakini kipande cha arei ya NumPy, ile maktaba ya Python ya hesabu za namba nyingi, ni dirisha la arei ile ile, ukiandika humo umeandika kwenye ya asili.

Kujua kipi ni kipi hakuhitaji kubahatisha. `a == b` inauliza kama yaliyomo yanalingana, `a is b` inauliza kama ni kitu kimoja. Usiijaribu `is` kwa namba ndogo ukadhani umegundua kitu, CPython, ile Python ya kawaida wengi wanayoitumia, inatunza tayari namba za kuanzia -5 hadi 256 na kuzitumia tena na tena, utapata `True` isiyokufundisha chochote. Ijaribu kwa listi.

Kwa hiyo mdogo wangu ukiandika `nakala = michango`, sema tu umeipa listi jina la pili. Ni jambo halali kabisa na mara nyingi ndilo unalolihitaji. Neno kukopi liache mpaka uone `nakala is michango` imekujibu `False`, na kama ndani kuna listi nyingine, uliza tena kwa `nakala[0] is michango[0]`.