Mita 30 za karatasi kwa siku

Wasichana wanaotaka kusomea astronomia huniuliza kwanza habari za hesabu. Hesabu ni lazima, sitawadanganya. Ila mimi nafundisha astronomia ya redio, yaani kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio, na kipaji ninachokitafuta kwa mwanafunzi ni kukijua chombo chake nje ndani.

Mchukueni Jocelyn Bell, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943. Shuleni kwao wasichana walipelekwa darasa la mapishi na wavulana maabara, hadi wazazi walipokwenda kulalamika. Mwaka 1965 alifika Cambridge kusomea shahada ya uzamivu, akaanza kwa kupigilia nguzo na kufunga nyaya: darubini ya redio iliyotandazwa kwenye zaidi ya ekari 4. Ilipowashwa mwaka 1967, kalamu ilichora mawimbi kwenye karatasi, karibu mita 30 kwa siku, naye akazikagua kwa macho.

Humo akaona mchoro wa ajabu, mfupi kuliko ukucha. Haukufanana na kwaza alizokuwa anazitafuta, yaani viini ang'avu vya galaksi za mbali, wala na kelele za magari na mitambo. Akakumbuka kwamba alishauona, tena sehemu ileile ya anga. Hapo ndipo penye ufundi. Kila nyota huchomoza takriban dakika 4 mapema kuliko jana yake, ilhali kelele za binadamu hufuata saa ya ukutani. Mchoro ule ulifuata nyota. Karatasi ilipoendeshwa kwa kasi zaidi, yakaonekana mapigo, moja kila sekunde 1.3 hivi. Ndiyo pulsa ya kwanza kugunduliwa: nyota ya nyutroni inayozunguka, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka.

Makala ilitoka Februari 1968, jina la msimamizi wake likiwa la kwanza, lake la pili. Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi huyo, Antony Hewish, na Martin Ryle. Bell alikuwa ameshaolewa, akimfuata mume kila alikohamishiwa kazi, akilea mtoto na kushika vibarua vya muda katika astronomia ya miale ya gama, ya eksirei na ya infraredi. Uprofesa aliupata 1991. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote kusomesha watafiti kutoka makundi yasiyo na nafasi.

Watu hupenda kumsifu kwa uvumilivu. Mimi hunikera, maana utaratibu mbovu hurekebishika. Mwaka huohuo wa 2018 maombi ya kutumia darubini ya angani ya Hubble yalianza kupitiwa majina yakiwa yamefichwa, na wanawake wakafaulu kwa kiwango kilichowapita wanaume kidogo, baada ya miaka mingi ya kuachwa nyuma.

Kwa hiyo, binti, data za Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota, ziko wazi bure mtandaoni. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, chagua kundi moja la nyota, lichunguze mpaka ulizoee. Na ukipata msimamizi, kabla kazi haijaanza muulize jina lako litakaa wapi kwenye makala.