Dakika tatu zinabeba beti ngapi?

Kila usiku wa mashindano ya mashairi ukimalizika hapa Mjini Unguja, viti vikiwa vinapangwa na waya zinakunjwa, hunijia kijana mmoja au wawili waliokaa nyuma kabisa muda wote. Suala lao huwa lile lile: "Maalim, na mimi nnatunga. Nikitaka kupanda jukwaani nifanye nini?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, nikiwa nimesimama, na kila nikifika nyumbani nakumbuka nililolisahau. Leo nimekaa kitako niliandike.

Mimi nasomesha Kiswahili skuli ya sekondari, na katika mashindano haya kazi yangu ni kushika saa. Mshika saa hatoi alama. Lakini kwa kuwa jicho lake moja liko kwenye saa na jengine liko kwa mshairi, anajua ni sekunde ya ngapi watu walianza kukohoa, ya ngapi waliinua vichwa, na ya ngapi mshairi mwenyewe alihisi kuwa yuko peke yake. Ninayokwambia yametoka hapo.

Kwanza tuelewane. Slamu ni mashindano ya mashairi ya jukwaani, na aliyeyaanzisha ni Marc Smith, mshairi aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi huko Chicago, Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1986 yakapata makao katika klabu ya Green Mill, na kutoka hapo yakaenea. Smith alichoshwa na mikutano ya mashairi ambayo mtu anajisomea karatasi yake na waliokuja wanangoja amalize, kwa hiyo hukumu akawapa wasikilizaji. Majaji watano huteuliwa papo hapo katika hao waliokuja. Kila mmoja anatoa alama kuanzia sifuri mpaka kumi, pamoja na desimali moja. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatolewa, tatu zilizobaki zinajumlishwa. Ukipewa 7.2, 7.9, 8.1, 8.4 na 9.5, chako ni 24.4. Jaji hatakiwi kuwa jamaa wa mshindani, ila visiwani kila mtu ni jamaa wa mtu. Kwa hiyo utaratibu huu unatufaa sana. Binamu yako akikupa kumi, kumi hiyo imekwenda na maji. Asiyekupenda akikupa mbili, nayo haikufikii.

Shairi liwe lako mwenyewe. Usipande na kitu mkononi cha kuigizia, usivae vazi la maigizo, usipige ala. Kanzu yako ya kila siku au mtandio wako si maigizo, vaa unavyovaa. Na shairi lisizidi dakika tatu. Kuna sekunde kumi za msamaha. Zikipita hizo, kila sekunde kumi unakatwa nusu alama.

Wapo wazee wanaoniambia kuwa mambo haya ni ya kuletwa. Kuhusu saa na desimali siwabishii. Lakini kushindana kwa tungo hatukufundishwa na mtu: Pemba ya karne ya 19 ilikuwa na washairi Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa mashairi mpaka watu wakayahifadhi vichwani. Kinachotuwia kigeni ni kitu chengine, na anayeanza akikijua mapema atajiepusha na taabu. Kwetu, anayetunga mara nyingi siye anayesimama. Kwenye taarab mtunzi anaandika maneno, mwengine anayatia muziki, mwimbaji anasimama mbele, na anayetunzwa fedha ni mwimbaji. Mtunzi pengine hata ukumbini hayupo. Slamu imewaingiza watu wote hao katika mwili mmoja. Kijana aliyetunga vizuri kwa miaka anapanda akiamini kazi yake ilikwisha pale alipoweka nukta ya mwisho, kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipanda na shairi la beti kumi na mbili. Lilikuwa la marehemu baba, aliyekuwa mvuvi, na nililipanga kama tulivyofundishwa kupanga: bahari kwanza, kisha upepo, kisha chombo, kisha usiku ule wenyewe, na ndani ya ubeti wa mwisho ndipo linapotajwa jina lake. Nikalighani kwa mahadhi niliyoyazoea. Ndiyo kwanza naingia ubeti wa sita, mshika saa akanyanyua kadi nyekundu. Nikashuka. Watu walinipigia makofi ya heshima, wakaenda zao wakijua kwamba bahari ipo na upepo upo. Jina la baba lilibaki mfukoni mwangu, kwenye karatasi. Jambo lile linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niombe kushika saa.

Tokea siku ile nikaanza kupima. Tarbia ya kawaida ina mizani (silabi) 16 kwa mshororo, mishororo minne kwa ubeti, yaani mizani 64. Kwa sauti yangu, ubeti mmoja wa kughani unakula sekunde 35 mpaka 40, kwa sababu mahadhi yanavuta irabu na kituo kinataka pumzi yake. Ubeti huo huo ukiusema kwa mwendo wa mazungumzo yaliyotulia ni sekunde 18 au 20. Kwa hiyo dakika tatu zinabeba beti nne na kitu za kughani, au tisa za kusema. Usichukue hesabu yangu, chukua ya sauti yako: simama wima, washa saa ya simu, soma kwa nguvu utakayosomea ukumbini. Kusoma kitandani kwa sauti ya chini kunakudanganya, maana hakuna anayepumua kitandani namna anavyopumua jukwaani.

Ukishapata hesabu, toa sekunde 30. Hizo ni za watu. Hapa kwetu mshororo ukigusa, mtu atasema "Naam!", mwengine atapiga kigelegele, na ukiendelea kusoma juu yake umewanyima haki yao na shairi lako mwenyewe umelifunika. Ngoja. Lakini unapongoja saa haisimami. Andika shairi la dakika mbili na nusu.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo hasa. Kuna binti wa Wete, Pemba, aliyekuja chuo hapa Unguja, akaniletea daftari lenye shairi la mama yake, mchumaji wa karafuu. Beti kumi, mizani haikupungua hata moja. Tulikaa barazani nje ya nyumba yetu akanisomea. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu, na nauweka hapa kwa ruhusa yake:

Mkarafuu wa babu, mama kaegesha ngazi,
Kwa pishi ndiyo hesabu, jua halina ajizi,
Vidole vina taabu, weusi wake ni kazi,
Nami nashika kitabu, kalipa kwa ngazi hizi.

Mwalimu yeyote wa fasihi angefurahi. Nikamwambia asome tena lote, mimi nikafumba macho, na kila habari iliponipotea niligonga baraza kwa kidole. Beti mbili za mwanzo sikugonga. Ubeti wa tatu niligonga mara moja, wa nne mara mbili, na kuanzia wa sita nilikuwa nagonga kama mpiga dumbaki. Maneno hayakuwa magumu. Ila sikio lilikuwa limeshajua kina kinakuja wapi, likawa linakingojea kina na kuiacha maana ipite. Kwenye kitabu jicho hurudi mshororo wa juu likauokota uliodondoka. Aliyekaa kitini ukumbini ulichomwangushia hakiokoti tena.

Tukanyamaza kidogo, akaanza kunihadithia tu kuhusu nyumbani. Akasema msimu wa karafuu mama yake akila wali, wali unanukia karafuu, hata akinawa vipi. Akasema siku alipokwenda kulipa ada, karani aliishika ile noti, akaipeleka puani, akainusa.

Nikamuuliza, "Hilo liko ubeti wa ngapi?"

"Haliko, Maalim. Halikuingia kwenye mizani."

Nataka kila anayeanza alisikie jibu hilo. Mizani nazipenda na nimezisomesha nusu ya umri wangu. Simwambii mtu azitupe. Lakini ukiona jambo lililo kweli kuliko yote limebaki nje ya mlango kwa sababu lilizidi silabi tatu, basi umemweka bawabu mkali mno. Tulichofanya ni hivi: ubeti wa kwanza ukabaki, akaughani kwa sauti ya kuvuta. Kisha mahadhi yakakatika ghafla, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu mmoja jikoni: "Mama akila wali, wali unanukia karafuu. Akinifuta machozi, machozi yananukia karafuu." Pale sauti inapotoka kwenye wimbo ikaingia kwenye maneno matupu, ukumbi mzima hugeuka. Nimeliona hilo kwa washairi wengi, na silijui jambo jengine lililo rahisi zaidi kwa mtu mgeni, maana kughani tumekuzoea tokea utotoni, kwenye kaswida na maulidi, na kuzungumza kila mtu anajua. Kinachotakiwa ni ujasiri wa kukata.

Mafumbo nayo yanataka mkono mwepesi. Kitabuni fumbo lenye tabaka tatu ni sifa. Jukwaani fumbo moja lifunguke pale pale, ndani ya pumzi ile ile, la pili waende nalo nyumbani. Ukiwapa matatu kwa mpigo wanaacha kuyafungua yote.

Kuhusu kusahau: kila mtu atasahau siku moja. Dawa tumeachiwa na waliotutangulia, ni kibwagizo. Weka mstari mmoja unaorudi, mfupi, unaoweza kuusema hata ukiwa na homa. Kumbukumbu ikikatika rudi hapo. Wasikilizaji watadhani unawaita waitikie, na mara nyingi wanaitikia kweli, nawe unapata sekunde tano za kulitafuta neno lako. Na unapohifadhi, hifadhi ukitembea. Aliyehifadhi amekaa, miguu ikisimama na maneno yanakimbia.

Maikrofoni iweke mbali na mdomo kiasi cha ngumi moja, na uelekeze mdomo pembeni kidogo, ama sivyo kila "p" na "f" itapiga kama mlango. Irekebishe kabla ya neno la kwanza. Saa yangu haianzi mpaka uanze. Tukianza mapema na adhana ya Isha ikaingia shairi likiwa katikati, nyamaza. Nami nasimamisha saa. Ikimalizika anza upya mstari uliokuwa umeufikia, usianze shairi upya.

Sasa ushauri ambao wengi huushangaa. Kabla ya mshindani wa kwanza, slamu huwa na mshairi anayepanda nje ya mashindano, asome, majaji wajaribie kwake namna ya kutoa alama. Anapewa alama lakini hazihesabiwi popote. Huyo mimi namwita kafara. Vijana wanaikimbia nafasi hiyo, wanaona ni ya kupotezewa. Mimi nakwambia iombe. Unapata jukwaa lile lile, taa zile zile, dakika tatu zile zile, majaji watano wanakusikiliza kwa makini kuliko watakavyomsikiliza mtu yeyote usiku ule kwa sababu bado wanaogopa kukosea, na huna cha kupoteza hata desimali moja. Isitoshe, alama huwa zinapanda kadiri usiku unavyokwenda; majaji wakishachangamka, shairi lililopata saba mwanzoni lingepata nane na nusu mwishoni. Anayeanza akichaguliwa na kura kusoma wa kwanza katika mashindano yenyewe, huenda akarudi nyumbani akiamini hajui kutunga, na kumbe alikosea foleni tu. Kafara hadhuriki na hayo.

Binti wa Wete alikuwa kafara. Alipanda na mtandio wa samawati na mikono mitupu. Alighani ubeti wake, ukumbi ukatulia. Akakata mahadhi, akasema ya wali, akasema ya machozi, kisha akasema: "Nikaipeleka ada. Karani akaishika ile noti. Akainusa." Wanawake wa safu ya nyuma wakapiga vigelegele kabla hajafunga mdomo. Akangoja, kama tulivyozungumza. Vikaisha, akaendelea na mistari minne ya mwisho inayoeleza mama ni nani na amestahamili nini. Watu waliisikiliza kwa adabu, lakini nilikuwa nawatazama: mikono ilikuwa imesharudi mapajani.

Saa yangu ilionesha dakika 2 na sekunde 41. Alama zake zikatajwa, zikaachwa. Aliposhuka hakuniuliza amepata ngapi. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akasema, "Maalim, niazime penseli," akalifungua daftari juu ya goti, na ile mistari minne akaikata kwa mstari.