Hadiwea woleti inalinda ufunguo, maneno 24 unalinda wewe

Swali ninaloulizwa sana na watu ninaowasaidia kuseti hadiwea woleti, kile kifaa kidogo cha kutunzia ufunguo wa kripto, ni hili, kifaa kikipotea au kikiungua si kripto zangu ndo zimeenda? Haziendi kokote, kwa sababu hazijawahi kukaa humo. Sarafu ziko kwenye blokucheini, yaani daftari la pamoja la miamala lililoko mtandaoni, na kilichomo ndani ya kifaa ni ufunguo wa siri tu, ule unaosaini kwamba mwenye mali karuhusu itoke. Ukitaka kutuma, simu au kompyuta inaandaa muamala inaupeleka kwenye kifaa, kifaa kinasaini humohumo ndani halafu kinarudisha saini peke yake, ufunguo hautoki. Kwa hiyo hata kompyuta ikijaa virusi mwizi hapati cha kukopi. Kazi yake ni hiyo tangu kifaa cha kwanza cha Trezor kilipotoka 2014.

Sasa ufunguo wenyewe unatokana na yale maneno 12 au 24 unayoonyeshwa siku ya kwanza, na hapa ndo naomba watu watulie. Maneno yanachaguliwa kwenye orodha ya maneno 2048, utaratibu unaitwa BIP39, ni wa 2013 na woleti nyingi zinautumia, ndo maana kifaa kikifa unanunua kingine, hata cha kampuni tofauti, unaingiza maneno kwa mpangilio uleule na mali yako unaiona tena. Uzuri huo ndo hatari yenyewe. Mtu akiyapata hahitaji kifaa chako wala PIN yako, PIN inalinda kifaa tu. Usiyapige picha maana simu nyingi zinapandisha picha klaudi zenyewe bila kukuuliza, usiyaandike kwenye notsi za simu, usijitumie kwa WhatsApp wala imeili. Andika kwa mkono, na kama kiasi ni kikubwa yachonge kwenye bamba la chuma, karatasi inaungua na inalowa.

Na hakuna mtu wa huduma kwa wateja, hata mmoja, mwenye sababu ya kukuomba hayo maneno. Mwaka 2020 data za wateja wa Ledger, kampuni inayotengeneza hadiwea woleti, ziliibiwa, na Desemba mwaka huohuo anwani za nyumbani za watu zaidi ya 270,000 zikamwagwa mtandaoni, baadae wengine wakaanza kupokea kwa posta vifaa feki vyenye barua ya kuwaambia wahamie kwenye kifaa "kipya" na waingize maneno yao. Woleti zao hazikudukuliwa, walichotafuta wezi ni mwenye mali ayatoe maneno mwenyewe. Hivyohivyo ukinunua kifaa ukakuta maneno yameshaandikwa tayari kwenye kikaratasi, usikitumie kabisa, aliyeyaandika anasubiri uweke hela.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka ni skrini ya kifaa. Februari 2025 Bybit, soko la kripto, waliibiwa sarafu za Ethereum za kama dola bilioni 1.5, FBI wakasema ni wadukuzi wa Korea Kaskazini, na hadiwea woleti zilikuwepo kwenye kusaini. Ukurasa ambao watu wa Bybit walikuwa wanautazama kwenye kompyuta ulikuwa umechezewa, ukaonyesha muamala wa kawaida wakati kinachoenda kusainiwa ni kingine kabisa. Kifaa kinasaini ulichokubali, hakijui ulichokusudia. Kwa hiyo anwani ya woleti unayoitumia hela, ule mstari mrefu wa herufi na namba, isome kwenye kifaa chenyewe na uisome yote, sio herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, kwa sababu wezi wanatengeneza anwani zinazofanana kwenye ncha, na kuna virusi vinavyobadilisha anwani ukishaikopi. Kama kifaa kinakuonyesha namba na herufi zisizoeleweka, kataa kusaini mpaka uelewe ni nini.

Kuna pia nenosiri la ziada unaloweza kuongeza juu ya maneno, ni zuri, ila likikosewa herufi moja hupewi onyo lolote, inafunguka woleti nyingine tupu. Binafsi simshauri anayeanza.

Ninachomwambia kila mtu afanye kabla hajahamisha kiasi kikubwa ni jaribio hili: tuma kiasi kidogo sana, halafu futa kifaa kabisa, kirudishe kwa maneno uliyoandika, uangalie kama anwani ni ileile na ile hela unaweza kuitoa. Kama kuna neno uliandika vibaya utalijua sasa hivi, wakati kilichomo ni kidogo.